Dola na Ahadi Yake

Kijana mmoja wa mji wetu, asomaye Kwa Vonza katika Kitui, kwenye Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, ametuletea suala linalostahiki kujibiwa mbele ya watu wote: haya mashirika ya mataifa yana nguvu zao wenyewe, au ni kanzu tu wanayoivaa wenye nguvu?

Wataalamu wamekhitalifiana. John Mearsheimer wa Marekani aliandika mwaka 1994 kwamba mashirika haya ni kivuli cha dola kubwa, wala hayana athari ya kutegemewa katika vita na amani. Robert Keohane alikwisha kusema vingine katika kitabu chake cha 1984: hata dola isiyojali ila maslahi yake hufaidika na kanuni, kwani kwa kanuni kila mmoja hujua mwenziwe atatenda nini. Wako na wa tatu, wasemao kwamba mashirika huzifunza dola lipi la heshima na lipi la aibu.

Huko Ukambani aliko kijana wetu, shirika la mataifa hujulikana kwa chakula cha msaada katika miaka ya ukame. Lakini gunia la mahindi si mtihani. Hapana dola ionayo tabu kupokea. Mtihani ni pale shirika linapoiambia dola: hiki si chako.

Mtihani huo sisi watu wa Pwani tumeuona mlangoni petu. Mwaka 1965 Kenya iliridhia, kwa masharti iliyojiwekea, kuhukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague. Tarehe 28 Agosti 2014 Somalia ikaishitaki kwa ajili ya mpaka wa bahari. Kenya ilishika mstari uendao mashariki moja kwa moja kutoka karibu na Kiunga. Somalia ikataka mstari uelekeao kusini-mashariki. Baina ya mistari hiyo mlikuwa na bahari ya zaidi ya kilomita za mraba 100,000, na chini yake hutumainiwa mafuta na gesi. Kenya ilidai kwamba Mahakama haina haki ya kusikiliza. Mwaka 2017 dai hilo likakataliwa. Machi 2021 haikuhudhuria. Septemba ikaiondoa ridhaa yake ya 1965. Oktoba 12 hukumu ikatoka, na sehemu kubwa ya eneo lile ikawa ya Somalia. Kenya ikaikataa, na mwezi huo huo Kenya ndiyo iliyokuwa imeketi kitini, ikiliongoza Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa!

Msomaji asifanye haraka. Kenya ilikuwa na hoja zake: kwamba Somalia ilinyamaza miaka mingi, kwamba mapatano ya 2009 yalitaja mazungumzo, na kwamba miongoni mwa majaji alikuwamo Msomali. Lakini hoja ni za kusimama nazo mbele ya kadhi, si za kutokea nazo mlangoni hukumu ikaribiapo. Wala Kenya si ya kwanza. Marekani, iliposhitakiwa na Nicaragua, ilitangaza mwaka 1985 kuiondoa ridhaa yake, na hukumu ya 1986 haikuitii.

Basi je, Mearsheimer amesema kweli? Sisi hatuoni hivyo. Asiyejali kitu hajisumbui kukikana kwa maandishi. Kenya ilibishana miaka saba kwa karatasi, na hapana vita vilivyopiganwa kwa mpaka ule. Hilo si dogo. Makka ya kale, kabla ya Utume, koo kadhaa ziliapizana katika Hilf al-Fudhul kumsimamia aliyedhulumiwa, baada ya mfanyabiashara mgeni kunyimwa thamani ya mali yake. Hapakuwa na mfalme wala askari wa kuwalazimisha. Palikuwa na watu walioona haya kuvunja kiapo. Shirika la mataifa halina zaidi ya hayo, na pale haya inapokwisha, shirika nalo huwa limekwisha.

Naye Mbajuni wa Kiunga, mwenye jamaa zake Ras Kamboni na Kismayu, hakuulizwa na upande wowote. Leo mbele ya dau lake iko mistari miwili: mmoja umechorwa na Mahakama, wa pili umeshikwa na serikali yake.