Mwana wa Chuoni na Tarakimu Iliyogeuka

Yafaa ndugu Waislamu walizingatie jambo litokealo killa siku katika vyuo vya Kurani. Mwana wa miaka 6 huambiwa aandike mbili, ٢, naye akaandika sita, ٦. Hukanywa, na kesho akarudia vilevile. Ndipo bakora ikashuka, na baba apatapo khabari humwita mwanawe mkaidi.

Mwana huyo si mkaidi, wala si mjinga. Mwenyezi Mungu ameumba viumbe vingi kwa pande mbili zilizolingana, jicho na jicho, bawa na bawa. Na katika Surat Infitar amemkumbusha binadamu nani aliyemsawazisha. Jicho nalo limepewa kuuona ulinganifu huo tangu uchangani. Mwaka 1981 Bornstein na wenziwe walichunguza watoto wa miezi 4, wakaona kwamba picha iliyolingana kulia na kushoto huizoea upesi kuliko iliyolingana juu na chini, au isiyolingana kabisa. Mtu mzima naye asimamapo mbele ya mlango wa nakshi, hutambua mara moja kama ua la ubao huu limekhitilafiana na la ubao wa pili, kabla hajahesabu jani hata moja.

Neema hiyo ina mtihani wake. Paka akielekea kulia ni paka, akielekea kushoto ni paka yuleyule; na kikombe kikigeuzwa mkono ni kikombe kilekile. Hayo mwana ameyajua kabla ya kusema. Kisha huja chuoni akaambiwa kwamba hapa, katika wino tu, kitu kikigeuka kimekuwa kingine! Ernst Mach, mtaalamu wa Austria, alitaja katika kitabu chake cha mwaka 1886 kuwa watoto huchanganya herufi b na d. Na mwaka 1963 Rudel na Teuber walionyesha kuwa umbo lililogeuzwa kulia na kushoto huwatatiza watoto zaidi kuliko lililopinduliwa juu chini. Kwa kipimo hicho, saba, ٧, na nane, ٨, zingekuwa nyepesi kwake kuliko mbili na sita.

Mtu mzima huona ulinganifu uleule, lakini miaka ya kusoma imemfundisha kuuacha afikapo kwenye herufi. Naye amesahau taabu ya kujifunza hivyo, akadhani mwana aona kama aonavyo yeye. Bakora haifundishi jicho. Anas bin Malik alimtumikia Mtume s.a.w. miaka 10 tangu utotoni, akasimulia kuwa hakuguniwa hata mara moja. Basi ni mwalimu gani adaiye haki ya ukali kumshinda yeye?

Lililo bora ni mwalimu amshike mwana kidole, akipitishe juu ya tarakimu ubaoni, amuulize: "Mbili yatazama mkono gani?" Mkono wa kulia mwana aujua, kwani ndio alao. Mbili yautazama mkono wa kulia chakula. Sita yaupa kisogo. Afanye hivyo siku nyingi bila ya kuchoka, na baba naye nyumbani aulize lilo hilo baada ya magharibi.