Tulichapwa, na Si Tulitoka Sawa?

Kuna sentensi moja ambayo Wakenya wengi wameikariri: "Sisi tulichapwa, na si tulitoka sawa?" Utaisikia kwa matatu, kwa harusi, kwa grupu ya wazazi ya WhatsApp. Ikishatamkwa mjadala huisha, manake nani atasimama mbele ya watu aseme yeye hakutoka sawa?

Ikisemwa na mjomba wako, hayo ni maoni yake. Ikisemwa na mwalimu wa praimari, ni mbinu ya kufunza. Kesho asubuhi itaingia naye darasani, na mbele yake kuna watoto ambao hawakumchagua. Ndiyo maana swali hili linanisumbua: je, mwalimu ana haki ya kumpitisha mtoto wa mwenyewe njia aliyopitishwa yeye, kwa sababu tu yeye aliipita?

Tuanze na mashahidi. Anayesema tulitoka sawa ni yule aliyetoka. Yule aliyechapwa kwa kukosa hesabu akaacha shule darasa la tano hayuko kwa chumba cha walimu leo kutoa maoni. Dawa haipimwi kwa kuwauliza waliopona pekee. Na hata huyo aliyetoka, hebu tumuulize: ulifaulu kwa sababu ya kiboko, ama licha ya kiboko? Wengi hawajawahi kutenganisha hayo mawili. Fimbo na mafanikio vilikuja kwa siku zilezile, basi vikaonekana ndugu.

Mwaka wa 1975 mwanasosiolojia wa Marekani, Dan Lortie, aliandika jambo ambalo ukilisikia unashangaa mbona hukulifikiria. Ualimu si kama kazi nyingine. Anayeenda kusomea udaktari hajawahi kukaa maelfu ya saa akimtazama daktari akifanya kazi. Mwalimu amekaa. Kabla ya kukanyaga chuo ameshatazama walimu tangu utotoni, na alitazama akiwa kwenye dawati, kwa macho ya mtoto. Aliona fimbo ikiinuliwa. Hakuona mwalimu akijiuliza usiku kama alifanya vyema. Kisha chuo kinampa miaka michache kufuta yote hayo. Siku darasa likipiga kelele na kichwa kinamuuma, unadhani atakumbuka daftari la chuo ama mkono wa mwalimu wake wa darasa la tatu?

Hii inaeleza kwa nini sheria pekee haijatosha. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni Kenya mwaka wa 2001. Katiba ya 2010 ikarudia, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo ikarudia. Na bado wewe unayesoma hapa, kama ulimaliza praimari baada ya 2001, pengine unajua vizuri fimbo ilikaa wapi. Sheria inaweza kuondoa fimbo kwa kabati. Kuiondoa kwa mkono ni kazi nyingine.

Na si fimbo tu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya 1986, alisimulia jinsi watoto wa shule yake walivyoadhibiwa kwa kusema Kikuyu, na jinsi alama ya aibu ilivyopitishwa mkononi kwa mkononi ili waliokosa wajulikane. Ukoloni uliondoka, lakini shule nyingi zilibaki na vibao vyao vya shingoni. Aliyekivisha kibao hicho mwaka wa 1990 hakuwa mzungu. Alikuwa Mkenya ambaye huenda alikivaa mwenyewe, akalia, akasahau kwamba alilia.

Watetezi hukimbilia methali. Samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini isome tena: methali inasema mkunje, haisemi mvunje. Na samaki hukunjika akiwa mbichi kwa sababu ni mlaini. Ukitaka mtoto akunjike, kazi yako ni kumwacha abaki mlaini, si kumkausha kwa hofu.

Sisemi historia ya mwalimu ni mzigo mtupu. Aliyewahi kwenda shule bila kunywa chai hutambua njaa kwa mtoto anayesinzia saa nne, hamwiti mvivu. Aliyekuwa na kigugumizi hamharakishi anayekwama kwa neno. Lakini kuna mwingine aliyelala njaa vilevile, naye husema, "Mimi nilitembea bila viatu, wewe umeletwa na basi na bado umechelewa?" Maumivu yaleyale, walimu wawili tofauti. Mmoja anakumbuka alichohisi. Mwingine anakumbuka tu kwamba alivumilia.

Kuna atakayesema namwonea mwalimu. Tangu elimu ya bure ianze 2003, wako wanaofunza watoto sabini kwa chumba kimoja. Mtaala wa umilisi sasa unawataka wampe mtoto nafasi ya kuuliza na kujaribu, hali wao wenyewe walilelewa kwa 8-4-4, ambako kuuliza sana kuliitwa ujuaji. Tunawadai wampe mtoto kitu ambacho hawakupewa. Ni haki kweli?

Nakubali si rahisi. Ila lawama na wajibu si kitu kimoja. Ukirithi nyumba inayovuja, si wewe uliyetoboa paa. Lakini mtoto anayelala chini yake analowa usiku huu, na mwenye ngazi ni wewe. Sisi wengine nasi tuna deni: darasa lenye watoto wachache, mwenzake wa kumtazama akifunza na kumwambia ukweli bila kumripoti, na wazazi wasiompigia simu wakisema, "Mchape tu, nimekuruhusu."

Kama unafikiri haya ni ya walimu peke yao, ngoja jioni mdogo wako akuletee hesabu ya kugawanya, akosee mara ya tatu. Sikiliza sauti itakayokutoka. Huenda si yako. Huenda ni ya mtu aliyesimama mbele yako ukiwa na miaka minane, na una sekunde mbili za kuamua kama ataendelea kufunza.