Mwaka Huo Ni wa Nani?



Jumapili moja, baada ya ibada, binti wa parishi yetu alitungoja nje ya kanisa akiwa na bahasha mkononi. Amemaliza kidato cha sita, na matokeo yake katika Fizikia, Kemia na Baiolojia yalikuwa mazuri hata majirani wamekwisha kumwita Daktari kabla hajaingia chuoni. Lakini bahasha ile ilitoka Norwei. Amepewa nafasi ya kukaa huko mwaka mmoja katika shule wanayoiita shule ya watu, gharama zote zikiwa zimelipwa, ndipo arudi aanze masomo ya udaktari. Akatuuliza, "Mwalimu, niende, au nitakuwa nimeupoteza mwaka?"

Siku ile hatukumjibu. Swali lenyewe tuliliona si la mtu mmoja, kwa maana kuna vijana wengine wa Mbulu na Hanang watakaolikuta mlangoni mwao, na wazazi wao watakuja wakitaka tuseme neno moja tu, ndiyo au hapana.

Kwanza tuseme kidogo juu ya shule hizo, kwa sababu baba yake alidhani binti anakwenda kucheza. Zilianza Denmaki mwaka 1844, zikaenea Norwei na Uswidi. Hazina mitihani wala hazitoi shahada. Vijana hukaa pamoja bwenini, hujifunza ufundi, muziki na mambo ya dunia, na wengi hupitia huko kati ya sekondari na chuo kikuu. Wala si jambo geni kwetu. Serikali yetu ilipoanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975, mfano ulitoka kwenye shule hizo za Uswidi, na chuo cha Tango pale Mbulu ni mtoto wa mpango huo huo.

Watu waliompinga binti huyu walileta hoja ya wagonjwa. Walisema udaktari ni miaka mitano chuoni na mmoja wa utarajali hospitalini, naye sasa anataka kuongeza wa saba, hali watu wanakufa. Hoja hii haidharauliki. Sisi tuliokuwa karibu tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilipoteremka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80, tunajua maana ya kumtafuta daktari asubuhi moja kwa majeruhi wengi. Lakini tuseme kweli: mgonjwa hamngojei binti huyu. Anangoja daktari, yeyote yule. Na daktari atakayefanya kazi miaka thelathini na zaidi hapungukiwi sana kwa mwaka mmoja. Paulo Mtume naye, baada ya kuitwa, alikwenda kwanza Arabuni, na miaka mitatu ikapita kabla hajapanda kwenda Yerusalemu kuonana na Petro. Hatusomi popote kwamba makanisa yalimdai miaka hiyo.

Tena kuna jambo linalotuchekesha kidogo. Hospitali ya Haydom ilifunguliwa na Walutheri wa Norwei mwaka 1955, na tangu zamani vijana wa nchi ile huja pale kujifunza na kusaidia. Tunawapokea vizuri, tunawapa chai na kuku, wala hakuna anayewauliza kama wanapoteza wakati wao. Mtoto wetu akitaka kwenda kwao, ghafula tunakuwa wahasibu!

Wengine walisema atapotea huko asirudi. Hapa inatupasa kuungama kosa letu. Miaka mingi iliyopita, tukiwa bado kazini, kijana mmoja alituletea swali kama hili, tukamwambia asiende, atatusahau. Alitii. Leo anafanya kazi yake vizuri, hatulaumu kwa neno. Lakini tukijichunguza twaona kwamba hatukuogopa kwa ajili yake. Tuliogopa kumpoteza mwanafunzi ambaye watu walikuwa wakitusifu kwa ajili yake. Tangu hapo tumekuwa waangalifu na shauri linalotutoka upesi.

Hata hivyo hatusemi kwamba kungoja si kitu. Wenzetu wa umri wetu wanalikumbuka Azimio la Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba amalizaye kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali apite Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi yapata miaka miwili. Wavulana wengi walipita njia hiyo wakarudi vitabuni wakiwa watu wazima, na baadhi yao walisema iliwafaa. Kwa wasichana haikuwa hivyo. Idadi yao chuoni ilishuka, kwa kuwa wengi walikwisha kuolewa na kuanza kulea, na baada ya miaka michache Serikali ikawaruhusu kwenda moja kwa moja. Miaka ilikuwa ile ile, lakini uzito wake mabegani mwa watu haukuwa mmoja.

Jambo hili ndilo lililotufanya tuende nyumbani kwa binti, tukanywe chai na kutazama. Tulikuta habari ambayo haikuwamo katika bahasha. Binti ana kaka mkubwa. Kaka huyo aliishia darasa la saba, akachunga na kulima ili mdogo wake asome. Ng'ombe wengine waliuzwa kwa ajili ya shule. Wamebaki wanne, na baba amekwisha kusema kwamba hao hawaguswi mpaka binti aingie chuoni na ijulikane Bodi ya Mikopo itampa kiasi gani, maana huenda pesa ikapungua. Kaka ana mchumba. Mahari yake ni ng'ombe hao hao.

Basi mwaka wa Norwei haumgharimu binti hata senti moja. Unamgharimu kaka yake mwaka mzima, na wazazi wa mchumba hawakuahidi kungoja daima. Tulipomwuliza kaka anaonaje, alijibu akitazama chini, "Mimi nitasema nini, Mwalimu? Yeye ndiye msomi." Hakuna aliyekuwa amemwuliza kabla yetu.

Ndipo tulipompa binti jibu letu. Tulimwambia apate kwanza barua ya chuo kwamba nafasi yake itamngojea, maana ahadi ya mdomo haimfikishi mtu darasani. Kisha aende kwa kaka yake, peke yake, amwulize. Tena amwulize kwa namna ambayo kaka aweza kusema hapana. Kumwuliza mtu huku mzigo umekwisha kufungwa si kumwuliza, ni kumwaga.

Naye akatuuliza lile tulilokuwa tukiliogopa. "Na akisema hapana?"

Tulimwambia kwamba kwa maoni yetu asiende. Tunajua wako watakaotupinga, na mke wetu ni wa kwanza. Yeye asema kaka hakuchagua kuchunga, alichaguliwa na baba, basi deni ni la baba, si la mtoto wa kike. Kuna haki katika maneno hayo, na baba tumemwambia wazi kwamba angeweza kuwatoa wawili kati ya wale wanne hata leo. Lakini mtu ambaye hakuulizwa mara ya kwanza, ni vibaya asiulizwe na mara ya pili. Twajua pia kwamba nafasi ile huenda isirudi tena. Hiyo ni hasara kweli, wala hatukumficha.

Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Zamani tulilifundisha neno hilo kana kwamba gharama yote hutoka mfukoni mwa mjenzi.

Binti alimfuata kaka yake malishoni, wakarudi pamoja jioni na ng'ombe. Waliyosemezana hatukuambiwa. Baba yao ametuomba tufike Jumamosi, kwa sababu kaka ametaka mashahidi wawepo atakapotoa jibu lake.