JANI LA CHINI

Somo: Zaburi 92:12-15



Mwimba Zaburi alipotaka kumfananisha mwenye haki na mti, alichagua mtende na mwerezi. Kisha akaongeza neno ambalo wahubiri wengi hulipita upesi: kwamba miti hiyo huendelea kuzaa hata katika uzee, ikiwa imejaa utomvu na ubichi. Mwezi huu napenda tulitafakari neno hilo la uzee, na mwalimu wetu awe ule mtende ambao wengi tunao nyumbani, wa kwenye chungu.

Nyumba nyingi za Geita mjini na Kahama zimekuwa nao tangu fedha ya dhahabu ilipoanza kujenga sebule pana. Asili yake ni Madagaska. Makuti yake ni membamba, mfano wa mnazi mchanga, na wauza miche huuita pamu. Hauzai tende wala nazi. Hata hivyo ni wa ukoo mmoja na mtende wa Biblia, na mkindu vilevile, na tabia ya ukoo haijifichi hata mti ukiwekwa kando ya televisheni.

Kuutunza si kazi kubwa. Uweke penye mwanga, lakini si penye jua kali la mchana, maana mti uliozoea kivuli ukitolewa nje ghafula huungua majani. Chungu kiwe na tundu chini. Kabla ya kumwagia maji, ingiza kidole katika udongo. Kama pingili ya kwanza imekuta unyevu, acha mpaka kesho. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Shinyanga na Kahama kwa mabomba mwaka 2009, nadhani pamu nyingi zimekufa kwa kuzama kuliko kwa kiu, kwa kuwa mizizi isiyopata hewa huoza. Yule atumiaye maji ya kisima chenye chumvi ataona ncha za majani zikigeuka kahawia. Kwake maji ya mvua ni bora. Na vumbi letu mnalijua. Futa majani kwa kitambaa chenye maji, taratibu, pande zote mbili.

Haya watu wengi huyafanya vizuri. Wanapoharibu ni kwenye jani la chini.

Mtende hauna matawi, ingawa tunasema Jumapili ya Matawi. Una makuti tu, na kila shina lina chipukizi moja, juu kabisa, ambalo likikatwa shina hilo limekwisha. Jani jipya hutoka juu, na la zamani hubaki chini. Siku moja jani hilo la chini huanza kuwa na madoa, kisha rangi ya manjano. Mwenye nyumba analitazama, anakumbuka kwamba Jumapili kuna wageni, anachukua mkasi. Baada ya majuma machache jani la pili yake nalo linageuka. Analikata. Hatimaye mti unabaki na makuti mawili matatu kileleni, kama ufagio uliosimamishwa, na mwenyewe anasema pamu hazipendi nyumba yake.

Kumbe lile jani halikuwa limekufa. Udongo wa kwenye chungu ni kidogo, nao huchoka. Potasi inapopungua, mti huitoa katika jani lililozeeka na kuipeleka juu kwa jani changa. Ile manjano ni alama ya utoaji. Jani la chini linalisha lile la juu, na ukilikata kabla halijamaliza, mti hulazimika kuchukua chakula katika jani linalofuata. Basi dawa ya manjano haimo katika mkasi. Imo katika udongo: samadi iliyooza vizuri, na chungu kikubwa zaidi mizizi ikijaa. Jani lenyewe liachwe mpaka likauke lote, ndipo litolewe.

Hata Kanisa halilitupi. Katika parokia nyingi makuti ya Jumapili ya Matawi hutunzwa mwaka mzima, yakachomwa, na majivu yake ndiyo tunayopakwa Jumatano ya Majivu.

Sasa niseme jambo ambalo katika mikoa yetu ya Shinyanga na Geita tumezoea kulisema kwa kunong'ona. Tunao wazee, hasa bibi zetu wajane, ambao wamegeuka rangi. Mgongo umepinda, ngozi imekunjamana, na macho yamekuwa mekundu. Macho hayo yana historia. Ni miaka hamsini ya kupika juu ya mafiga, kwa mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe mahali kuni zilipokwisha, katika nyumba isiyo na dirisha. Moshi ule ulikuwa ugali wetu. Wapo waliotusomesha kwa moshi ule. Lakini ng'ombe wanapokufa, au duara la dhahabu linapochimbwa miezi sita bila kutoa kitu, au mtoto anapofariki kwa homa, kuna mtu huenda kwa mpiga ramli, na ramli humwelekea bibi mwenye macho mekundu.

Si hadithi za kale. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu waliuawa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ya wakati ule, ikiwamo Wilaya ya Geita. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928, nayo inamtia hatiani hata yule anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Hata hivyo bado wazee wetu wengine hufunga mlango kabla jua halijazama, na si kwa kuogopa fisi.

Ng'ombe hufa kwa ndigana. Mtoto hufa kwa malaria iliyocheleweshewa dawa. Duara halitoi dhahabu kwa sababu mwamba wa mahali pale hauna dhahabu. Udongo ndio uliochoka, nasi tunashika mkasi.

Mtasema, sisi Wakristo hatuendi kwa mpiga ramli. Ni vema. Lakini ukataji uko wa namna nyingi. Kijana yuko machimboni Nyarugusu au Mgusu, amewaacha watoto wanne kwa mama yake, na simu hapigi mpaka Krismasi. Yule mama ndiye anayewavusha watoto kwenda shule, ndiye anayewafundisha Baba Yetu. Jani la manjano linalisha jani changa, na hakuna anayelitilia samadi. Wengine tuko msibani, mtu anasema neno la kumdokeza bibi fulani, nasi tunatazama chini na kunywa chai. Walawi 19:32 inataka tusimame mbele ya mwenye mvi. Kusimama maana yake ni pamoja na kusema, "Hapana, ndugu yangu, neno hilo lisirudiwe hapa."

Luka naye, katika sura ya pili, anatuonyesha Ana binti Fanueli, mjane wa miaka 84, asiyeondoka Hekaluni. Makuhani walikuwa kazini mwao siku ile, lakini ni kikongwe huyo, pamoja na mzee Simeoni, aliyemtambua Mtoto. Najiuliza kama angezaliwa kijiji cha kwetu angefika umri huo.

Naomba basi Umoja wa Akina Mama na vijana wa kwaya wagawane nyumba za wajane wazee wa mtaa wao kabla ya Jumapili ya Matawi. Wapeleke kuni kavu, au wamtengenezee bibi jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi, na dirisha litobolewe jikoni. Macho yatazamwe, yanayouma yapelekwe hospitali, maana mengine yana ugonjwa wa trakoma, nao hutibika. Wakae kidogo, wanywe uji wake, majirani wakiona. Na siku ya maandamano ya makuti, atakayeweza kutembea atangulie mbele pamoja na watoto. Asiyeweza apelekewe kuti lake nyumbani siku ile ile, likiwa bado bichi.