Simu Iliyolazwa Kifudifudi

Februari magunia ya mwaka jana yamekwisha, na mahindi ya Ufipa bado yamesimama mabichi shambani. Ndipo mtu anapokopa: kwenye simu, kwenye kikoba, au kwa wakopeshaji wa kausha damu. Kukopa si kosa, mbolea haisubiri. Kinachoniuma ni simu inayolazwa kifudifudi kila ujumbe unapoingia, huku mwenzako, ng'ambo ya jiko la mkaa, akiuona mwanga wake ukichungulia pembeni.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mmoja kuweka nyumba ya familia rehani bila ridhaa ya mwenzake. Ghala je? Gunia la kulipia deni linatoka pale pale panapotoka unga wa watoto.

Leo jioni, ugali ukishaliwa, mtajie mwenzako kiasi chote cha deni, riba na tarehe. Hesabuni kwa magunia mtakayovuna kwanza, shilingi baadaye: mangapi ya kula hadi mavuno ya mwakani, mangapi ya kuuza, na mangapi yatangulie kwenye deni lenye riba kali. Akinuna, mvumilie. Ameubeba mzigo huu miezi yote bila kujua uzito wake.