Farasi Asiyekula Majani

Mdogo wangu ana daftari la jalada gumu, aina ile ambayo wanafunzi wa sekondari hutumia kwa hesabu. Ndani kuna safu za namba, kuanzia 1 hadi 6, zilizoandikwa kwa kalamu ya bluu kwa mbio za kawaida na nyekundu kwa zile zilizomshangaza. Kila namba ni farasi, kila mstari ni mbio moja. Ameandika mbio zaidi ya mia tisa, na katika farasi wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kula majani.

Ni farasi wa kwenye kompyuta. Wanakimbia katika chumba cha kubeti kule Mbagala, hatua chache kutoka kituo cha daladala. Skrini zimepangwa ukutani, na kila baada ya dakika chache mbio mpya huanza: nyasi za kuchorwa, umati wa kuchorwa, na mtangazaji anayekimbiza Kiingereza ambacho wengi waliomo hawakifuati wala hawakihitaji. Vijana wamekaa kwenye mabenchi, risiti mkononi. Dau ni jero au buku, na mara mojamoja elfu tano kwa aliyetoka kulipwa. Wikiendi ni ya mechi za Ulaya, au ya Simba na Yanga, ambapo mtu husuka mkeka wake siku nzima. Siku za katikati ya wiki, farasi ndio wanaoziba pengo.

Nilimfuata huko Jumamosi moja asubuhi baada ya Mama kunipigia simu. Hesabu ya siku tatu ilikuwa haijalipwa, elfu saba kwa siku, na bosi alikuwa amechukua pikipiki yake. Nilikwenda kugomba. Nikaishia kukaa benchi moja naye, nikisikiliza.

"Namba 4 akikosa mara saba mfululizo, ya nane usimwache," alinieleza, kidole juu ya daftari. "Na namba 2 akishinda asubuhi kwa odi ndogo, jioni anachoka."

"Anachokaje, dogo, na yeye ni picha?"

Akacheka. "Kaka, hata mashine ina tabia zake."

Mimi nimesoma takwimu chuo kikuu, na kwa siku chache nilidhani tatizo lake lingetibiwa na somo la nusu saa. Nikamwonyesha odi za mbio moja, yaani dau litazidishwa mara ngapi farasi akishinda: 3, 4, 5, 6, 8 na 8. Nikamwambia, tuseme unataka upokee shilingi 12,000 farasi yeyote atakayeshinda. Weka 4,000 kwa wa kwanza, 3,000 kwa wa pili, 2,400, 2,000, kisha 1,500 na 1,500. Jumla 14,400. Umelipa 14,400 ili upewe 12,000, na hapo hujakosea hata farasi mmoja. Ile 2,400 ndiyo chakula cha mwenye chumba, na anaila kabla mbio hazijaanza. Nikamwambia pia kwamba elimu hii ya uwezekano ilikomaa kutokana na kamari yenyewe: mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawana dau la mchezo uliokatizwa. Na la mwisho nililomwambia lilikuwa hili: mbio ya nane haiijui mbio ya saba. Namba huzalishwa upya kila mara, bila kumbukumbu.

Alisikiliza vizuri. Hesabu aliielewa haraka kuliko baadhi ya watu niliosoma nao. Kisha akaniuliza, bila ubishi, "Sawa. Na nyie kule ofisini mnachaguaje watu?"

Sikumjibu. Lakini ili nieleze kwa nini swali lile lilinikwama, inabidi kwanza niseme habari za farasi wenye damu.

Miaka michache nyuma nilikwenda Nairobi kikazi, na Jumapili wenyeji wangu wakanipeleka uwanja wa Ngong, ambako mbio za farasi zimekuwapo tangu 1954 na ambako Kenya Derby hukimbiwa, mita 2,400. Mimi nilitazamia kelele za mbio. Kilichoniteka kilikuwa kile kinachotangulia. Kabla ya kila mbio farasi hutembezwa katika uwanja mdogo wenye uzio, wakizungushwa taratibu na watunzaji wao, na watu huegemea uzio wakiwatazama. Mzee mmoja aliyesimama karibu nami, kijitabu cha mbio mkononi, aliniona mgeni akanifunza. Tazama miguu ya nyuma, inasukuma au inaburuta. Tazama jasho: farasi anayelowa kabla ya mbio ameshaanza kukimbia kichwani mwake na atafika mstarini amechoka. Uliza umbali, maana bingwa wa mita 1,200 aweza kuwa si kitu katika 2,400. Uliza ardhi, imelowa au kavu.

Kisha akaweka kidole kwenye safu moja ya kijitabu. "Huyu mara ya mwisho alikuwa wa tatu," alisema. "Lakini soma alibeba nini."

Ndipo nilipojua kwamba katika mbio nyingi farasi hawabebi uzito sawa. Maofisa huwapangia. Aliyekuwa akifanya vizuri huongezewa mzigo, vipande vya risasi karibu na tandiko, na dhaifu hupunguziwa, ili wote wawe na nafasi ya kukaribiana mwishoni. Kwa hiyo nafasi aliyomaliza nayo farasi haikuambii kitu mpaka ujue alibeba kilo ngapi. Wa tatu aliyebeba kilo 60 anaweza kuwa farasi bora kuliko wa kwanza aliyebeba 52.

Mzee yule alipoteza mbio tatu mbele ya macho yangu. Sitaki kumtukuza: hata pale, anayeendesha kamari hukata chake kwanza, na wapo waliouza nyumba kwa sababu ya farasi wa kweli. Lakini kila alipokosa alirudi kwenye kijitabu na kuandika jambo. Alikuwa hakuuona ufupi wa hatua za farasi fulani. Alikuwa hakuitilia maanani mvua ya juzi. Kosa lake lilikuwa na kitu cha kumfundisha, kwa sababu upande wa pili wa hukumu yake palikuwa na mnyama, na mnyama alikuwa na ukweli wake.

Daftari la mdogo wangu lina bidii ile ile, pengine kubwa zaidi. Kinachokosekana ni farasi. Anachunguza kwa makini mahali ambapo hakuna cha kuchunguza, na makosa yake mia tisa hayawezi kumfanya awe mwerevu hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ile elfu ishirini na moja ya bosi. Chumba kile kina leseni yake na katazo lake la walio chini ya miaka 18, kama sheria inavyotaka. Sheria inauliza umri wa anayechagua. Haiulizi kama kuna chochote cha kuchagua.

Hata hivyo, kumwita mjinga ni uvivu. Nilipomuuliza kwa nini anarudi, hakunitajia pesa. "Nimeomba kazi kumi na moja tangu nimalize cheti cha kompyuta," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyenijibu, hata kuniambia hapana. Hapa nikichagua namba 4, baada ya dakika mbili najua."

Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo, na Jumatatu nikaingia nayo kazini, Kinondoni, upande wa pili wa jiji. Ijumaa iliyotangulia, siku moja kabla ya kwenda Mbagala, bosi wangu alikuwa amenipa bahasha na mafaili ya maombi ya nafasi mbili za utunzaji wa kumbukumbu. Yalikuwa 214. Alitaka yabaki ishirini kufikia Jumatano. Niliyachuja mchana ule ule, kwa saa nne, huku nikijibu simu. Gawanya mwenyewe: dakika moja na sekunde chache kwa kila mtu. Nilitazama jina la chuo, wastani wa alama, na kama Kiingereza cha barua kimenyooka. Nilipochoka, nilitazama jina la chuo tu.

Mdogo wangu humpa farasi asiyekuwapo muda mrefu kuliko niliowapa mimi watu waliopo.

Nilikuwa nimesoma nafasi walizomaliza nazo bila kusoma walibeba nini. Mtu mwenye alama za wastani aliyepita shule ya kata, miongoni mwa zile zilizojengwa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000 huku walimu wakiwa haba, akapanda daladala mbili kwenda chuo na mbili kurudi Chamazi, nilimweka chini ya mtu mwenye alama nzuri kidogo aliyelala bwenini mita mia mbili kutoka maktaba. Sikujua nani bora. Nilijua nani alitangulia, nikadhani ndilo jibu.

Nasikia pingamizi, na ni la haki. Mgonjwa hamtafuti daktari aliyeteseka, anamtafuta anayejua. Kazi ni kazi, na mzigo wa jana haujazi jedwali la leo. Nakubali. Ila mzee wa Ngong hakuisoma ile safu ya uzito kwa huruma. Alitaka kujua yule farasi ana mbio kiasi gani, basi, na bila uzito asingeweza kujua. Anayepima bila kuuliza mzigo anapima vibaya, hata kama hana nia mbaya na mtu yeyote.

Utotoni, ustadhi wetu wa madrasa alitufundisha kwamba wanazuoni wameruhusu zawadi kwa wanaoshindana kwa farasi, ngamia na mishale, na wakaharamisha kamari. Wakati ule niliona ni hila ya maneno. Pesa ni pesa. Sasa naona jambo ambalo sikuliona. Anayepanda farasi amejiweka mwenyewe ndani ya mbio: akianguka, mbavu ni zake. Namna ya kuchagua ina maadili yake, na nadhani yanaanzia hapo, kwenye swali la nani ataumia nikikosea. Mkeka wa mdogo wangu ukichanika, anayelala bila pikipiki ni yeye, na Mama kidogo, na mimi kidogo. Mkeka wangu wa Ijumaa ukichanika, mimi mshahara wangu uko pale pale. Aliyeumia hata hajui kwamba alikuwamo katika mbio, kwa sababu hatukumjibu.

Kwa mizani hiyo, sina uhakika kati yetu wawili ni nani aliyekuwa akicheza kamari mbaya zaidi.

Nilipata mpaka Jumatano asubuhi. Niliyatoa tena yale 194 niliyoyaweka kando na kusoma arobaini na moja, usiku, mezani kwangu, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Sikumaliza yote, na sitajifanya nilimaliza. Katika hayo kulikuwa na barua ya dada mmoja wa Tandika. Alama zake zilikuwa za chini, Kiingereza chake kilikuwa na makosa. Ukurasa wa pili, ambao Ijumaa sikuufungua, alieleza kwamba kwa miaka mitano, muda wote wa masomo yake, aliandika hesabu za kikoba cha wanawake thelathini: hisa, mikopo, faini, marejesho, kila wiki. Aliambatisha nakala ya ukurasa mmoja. Ulikuwa safi kuliko kumbukumbu zozote tulizokuwa nazo ofisini. Kazi tuliyoitangaza ilikuwa hiyo hasa.

Bosi alishusha pumzi, kisha akakubali awe wa ishirini na moja. Nikapiga simu. Namba haikupatikana. Nilipiga mchana, nikapiga jioni, nikatuma ujumbe. Siku ya usaili ikafika na kupita. Huenda alibadilisha laini, huenda alipata kazi kwingine na kutusahau. Mwisho wa mbio hii sitaujua.

Jumapili nilikwenda Mbagala kulipa ile hesabu, ili bosi arudishe pikipiki. Tulikaa kibarazani kwa Mama, tukinywa chai. Nilimjibu mdogo wangu swali lake lote, bila kujificha: zile saa nne, ukurasa wa pili, simu isiyopatikana. Daftari lilikuwa pembeni yake. Sikumwomba alitupe, naye hakuniahidi.

"Basi mkeka wako umechanika, Kaka," alisema.

"Umechanika," nikamwambia. "Lakini dau halikuwa langu."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza wale wengine waliobaki, ambao sikuwasoma, ni wangapi. Nikamwambia ni mia moja hamsini na tatu. Akaichukua kalamu nyekundu, akafungua ukurasa mpya, akaiandika ile namba.