Usipoziba Ufa: Swali la Mhindu wa Leo

Kiswahili hutenganisha Mhindi na Mhindu kwa irabu moja tu. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Anaweza kuwa Mwislamu, Mkristo, Singasinga au asiwe na dini kabisa. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Hapa Uganda mimi huitwa Mhindi kabla sijafungua mdomo, na katika hilo sina uchaguzi. Uhindu ni jambo jingine, kwa sababu dini naweza kuishika au kuiacha. Ndiyo maana wenzangu chuoni huniuliza: je, mtu aliyesoma, katika zama hizi, anabakije Mhindu?

Wengi wanaouliza hufikiria ng'ombe, sanamu na kuzaliwa upya. Hayo hayaninyimi usingizi. Kutokula nyama hakumzuii mtu kusoma uhandisi, na taa za Diwali siku hizi huwashwa kwa umeme bila imani kupungua. Ugumu wenyewe uko katika suala la kuzaliwa. Dunia ya leo inadai kwamba mtu apimwe kwa matendo yake. Mila niliyoirithi imempima mtu kwa karne nyingi kwa jati, yaani kundi la ukoo alimozaliwa: nani amwoe nani, nani ale na nani, nani aingie hekaluni. Chini kabisa waliwekwa watu walioitwa wasioguswa. Basi swali langu ni hili: je, ninaweza kuikataa jati na bado nikajiita Mhindu bila unafiki?

Wanaume wawili walibishana juu ya swali hili kabla yetu. Wa kwanza ni Mohandas Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilimwagwa mwaka 1948 katika chanzo cha Mto Nile, Jinja. Gandhi alipinga vikali desturi ya kuwatenga wasioguswa na akaiita doa juu ya Uhindu. Hata hivyo, aliamini kwamba dini yenyewe ni njema na kwamba doa hilo linaweza kuoshwa. Wa pili ni Bhimrao Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa hao wasioguswa. Mwaka 1927, katika mji wa Mahad, aliongoza watu wake kwenda kunywa maji ya bwawa la umma ambalo walikuwa wamezuiwa kulitumia. Baadaye aliongoza kamati iliyoandaa rasimu ya katiba ya India, ambayo ibara yake ya 17 ilifuta kutengwa kwa wasioguswa. Lakini sheria haikumtosha. Oktoba 1956, huko Nagpur, alihama Uhindu akawa Mbudha, pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake.

Wazee wetu wengi wakielezwa haya hujibu kwamba jati ni desturi ya jamii, haimo katika kiini cha dini. Wanataja fundisho la Upanishadi kwamba roho iliyo ndani yangu ndiyo iliyo ndani ya kila kiumbe. Wanamtaja pia Ravidas, mtakatifu aliyekuwa mtengeneza ngozi. Nakubali kwamba fundisho hilo ni zuri, na ndilo linalonifanya nibaki. Ikiwa roho ni moja, hakuna anayezaliwa najisi. Lakini namsikiliza Ambedkar pia: fundisho hilo lilikuwepo kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na bado watu wa Mahad walikosa maji. Uzuri wa fundisho hauwezi kuwa utetezi wa watu wasiolitenda.

Mwingine atasema kwamba nikichagua cha kushika na cha kuacha, nimejitungia dini yangu mwenyewe. Sioni hivyo. Mwaka 1936 ufalme wa Travancore uliwafungulia mahekalu yake Wahindu wa jati zote, na ibada ikaendelea. Mila inayoishi huchaguliwa upya na kila kizazi. Hata asiyebadilisha kitu amechagua.

Na huku kwetu Afrika Mashariki je? Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Babu na bibi zetu walihukumiwa kwa asili yao, bila kuulizwa matendo yao. Sisi kuliko wengine tungepaswa kujua uchungu wa kupimwa kwa kuzaliwa. Lakini zipo nyumba za watu wetu ambamo mfanyakazi wa ndani ana kikombe chake peke yake, kinachowekwa mbali na vyombo vingine. Anapika chakula chetu chote, kisha hanywi chai katika kikombe chetu. Hakuna anayetamka neno najisi. Kikombe chenyewe kinasema. Umbali kati ya kikombe hicho na bwawa la Mahad ni mfupi sana.

Kwa hiyo jibu langu lina sharti. Ambedkar alikuwa na kila haki ya kuondoka, kwa kuwa yeye ndiye aliyeumizwa. Mimi nimezaliwa katika jati ya wafanyabiashara, na mpangilio huu haukunigharimu chochote. Kuondoka kwangu kungekuwa kujitoa lawamani huku ukuta ukiwa umesimama. Anayenufaika na nyumba ndiye mwenye wajibu wa kuitengeneza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwangu ufa ni kikombe kile jikoni, na ni siku ya posa, wakati jina la ukoo wa mchumba linapoulizwa kabla ya tabia yake. Mhindu anayesema roho ni moja na akanyamaza katika mambo hayo mawili hajabaki na dini yake. Amebaki na jati tu.